Jumapili za Kuruti

Juzi mkwe wangu alikuwa uani akipaka mafuta ya kondoo kwenye ngozi ya ngoma ya kanisa ili isipasuke kwa jua. Mimi nilikuwa ndani nikichambua maharagwe. Harufu ilipoingia mlangoni, mikono yangu ilisimama yenyewe. Nyinyi wa rika langu mliokulia mashamba ya Wazungu mnaijua harufu hiyo, nzito, yenye uchachu kidogo. Kwa wengine ni harufu ya matandiko ya farasi. Kwangu mimi ni harufu ya mpira wa Kuruti, na kila inaponijia, nyuma yake humwona Papa ameinamisha kichwa.

Papa ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita baba. Jina lake lilikuwa Simiyu. Tuliishi kwenye shamba la mahindi mahali paitwapo Kwanza, mbele ya Kitale, na kazi yake ilikuwa kulima kwa jembe la ng'ombe. Mwenye shamba alikuwa Mzungu mmoja ambaye watu walimwita Bwana Kofia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona nywele zake. Siku sita za juma Papa aliitwa "wewe" na "boi". Jumapili peke yake ndiyo aliyoitwa Simiyu, na aliyemwita hivyo kwa sauti, mbele za watu wote, alikuwa Kuruti.

Kuruti alikuwa Mjerumani, fundi wa trekta na mashine ya kusaga unga pale shambani. Jina lake hasa lilikuwa Kurt, lakini wazee wetu walisikia kuruti, yule askari mgeni anayefunzwa gwaride, na kwa vile kila Jumapili aliwapanga wanaume mistari na kuwapulizia filimbi, jina likamkaa. Bibi yangu, Kukhu, hata hilo lilimshinda. Yeye alisema Kuluti.

Kwao Ujerumani Kuruti alikuwa mchezaji mkubwa wa mpira. Papa alitusimulia alivyosimuliwa: kwamba Kuruti alikuwa senta fowadi wa timu ya mji wenye viwanda, kwamba walisafiri kwa gari moshi kwenda kucheza, na kwamba watu walijaa kutazama mpaka wengine wakapanda mapaa ya nyumba. Halafu, angali kijana, akaacha. Akapanda meli, akaja huku kwetu kukaza nati za trekta. Alipowakuta wanaume wa shamba wakicheza mpira wa matambara nyuma ya zizi, alisimama akawatazama mpaka giza likaingia, na kesho yake akaenda kuomba kipande cha malisho kiwe kiwanja. Alileta mpira wa ngozi kutoka Kitale. Alichemsha mafuta ya kondoo, akaupaka kwa kitambaa polepole, kama mama anavyompaka mtoto.

Aliwafundisha mambo ambayo hawakuwa wameyawaza. Kukimbia bila mpira. Kutazama kabla ya kupokea. "Toa! Toa!" alikuwa akipiga kelele. "Mpira iko na haraka kushinda mutu!" Nao walicheka, wakatoa, na polepole watu wa mashamba mengine wakaanza kuja kututazama. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakulifanyia mzaha. Mtu akimpiga mwenzake mguu, hata kwa bahati mbaya, Kuruti alipuliza filimbi, uso wake mwekundu ukawa mweupe, akamtoa nje. "Piga mpira," alisema. "Hapana piga mutu. Mpira iko nyingi. Mguu iko mbili tu."

Na yeye mwenyewe hakuingia kiwanjani kamwe. Hili lilinisumbua sana. Nje ya mstari aliweza kuurusha mpira kwa kisigino, kwa goti, kwa kichwa, usiguse chini, sisi watoto tukipiga makofi. Wanaume walipomwita, "Ingia, Bwana, tuonyeshe!" alitikisa kichwa akarudi nyuma. Mistari yetu ya kiwanja ilikuwa ya majivu ya jikoni. Sasa, Kukhu alikuwa akimwaga majivu hayo hayo kuzunguka nyumba siafu wasiingie, na alikuwa amenieleza kwamba kitu kibaya hakivuki majivu. Nikajumlisha moja na moja. Siku moja nilimuuliza Papa, "Kwani Kuruti ni siafu?"

Papa alicheka hadi akakaa chini. "Ati siafu! Huyo ni mtu, bana. Mtu mzuri."

Sikumwamini. Niliendelea kuchunga miguu ya Kuruti kila ilipokaribia ule mstari.

Mwaka mmoja, kabla ya mvua kubwa, Bwana Kofia alisema kiwanja kitalimwa. Mahindi yalikuwa na soko zuri na ardhi ile ilikuwa tambarare. Kuruti alikwenda kumsihi. Alirudi na habari ambayo wanaume waliirudia jioni nzima: tulikuwa tumealikwa Bungoma kucheza na timu ya walimu, makarani na watu wa reli, timu iliyotufunga msimu uliopita. Bwana Kofia, aliyependa kujisifu kwa Wazungu wenzake, alisema tukiwashinda kiwanja kitabaki. Tukishindwa, jembe litaingia.

Papa hakula usiku huo. Nilimsikia akimwambia mama yangu, "Wakikilima, itabaki nini? Itabaki ng'ombe na mimi."

Nilikwenda Bungoma na timu kwa sababu mama alikuwa amejifungua na mimi nilikuwa nipelekwe kwa mama mdogo, huko Kibabii, nikae kidogo. Tulipanda lori la shamba, juu ya magunia. Kiwanja kilikuwa karibu na stesheni. Wanawake waliuza ndizi na mahindi ya kuchoma, na watoto wa shule wakaimba jina moja tangu mwanzo: "Mwalimu! Mwalimu!"

Mwalimu huyo alikuwa Barasa, kijana mwembamba mwenye kaptura nyeupe iliyopigwa pasi, anayefundisha shule ya misheni. Wote walicheza miguu mitupu, lakini yeye alikimbia kama asiyegusa nyasi. Sisi tulitangulia kufunga. Yeye akarudisha. Kipindi cha pili alimpita Papa upande wa kulia, watu wakacheka. Akampita upande wa kushoto, watu wakacheka zaidi, na mwanamke mmoja karibu nami akasema, "Huyo beki wao ni mlango usio na komeo." Nilimwona Papa akifuta uso kwa mkono. Akageuza macho kwenye vumbi la barabara yetu ya kurudi Kwanza. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua anachokitazama ni kile kiwanja chetu.

Mara ya tatu Barasa alipokuja, Papa hakutazama mpira. Aliruka kwa miguu yote miwili, uzito wake wote, akaangukia mguu wa Mwalimu uliokuwa umesimama chini.

Mlio wa mfupa niliusikia kule nje ya mstari. Sitaufananisha na kitu. Kisha watoto wa shule wakaacha kuimba, mmoja mmoja, kama wanaozimwa.

Hapo ndipo Kuruti alipovuka mstari wa majivu, kwani huko nako walichora kwa majivu. Nilifumba macho nikingoja aungue. Nilipofumbua alikuwa amepiga magoti kando ya Mwalimu, amemshika kichwa, anasema maneno ya kwao ambayo hakuna aliyeyaelewa. Aling'oa mti wa bendera ya kona, akauvunja vipande viwili juu ya paja lake, akaufunga ule mguu kwa soksi zake mwenyewe.

Mama yake Mwalimu alikuja mbio kutoka kwa wauza ndizi, kitambaa kimemdondoka kichwani. Hakulia. Alitutazama sisi watu wa Kwanza, mmoja baada ya mwingine, akauliza, "Ni nani?"

Hakuna aliyejibu. Papa alikuwa amesimama katikati ya wenzake akitazama vidole vyake vya miguu. "Nawauliza nyinyi. Ni nani?" Bado hakuna. Wakambeba mwanawe kumpeleka kwenye lori letu, naye akafuata.

Refa alitaka mchezo uendelee. Kapteni wetu alimkimbilia Kuruti. "Bwana, dakika zimebaki kidogo tu, na yule Mwalimu wao hayuko. Si tutashinda!"

"Ndiyo," Kuruti alisema. "Mimi najua. Kama nacheza, nashinda. Kwa sababu hiyo hapana cheza."

Akaingia kwenye lori na majeruhi wakaenda hospitali, na timu yetu ikabaki pale stesheni kungoja, mpira umelala peke yake kwenye nyasi.

Niliporudi nyumbani kutoka kwa mama mdogo, kiwanja kilikuwa matuta. Nilidhani watu watamchukia Papa. Nilikosea. Walimsifu. "Simiyu alisimama kiume," walisema. "Kama si yule Mzungu mwoga, tungekuwa na kiwanja." Kuruti ndiye waliyeacha kumsalimia. Hata mama yangu alipita karibu naye kwenye mashine ya unga bila neno. Papa alisikia sifa hizo na kila aliposifiwa alikonda.

Jioni moja Kuruti alikuja nyumbani kwetu. Mama alikuwa akisonga ugali, mimi nimembeba mtoto. Mzungu hakuwa akiingia nyumba za wafanyakazi, kwa hiyo sote tulisimama. Akatuashiria tukae, naye akaketi kwenye kigogo.

"Simiyu," alisema, "wewe nauliza kwa nini mimi hapana ingia kiwanja."

"Sijauliza, Bwana."

"Watu yote nauliza. Nyumbani kwangu iko mutu moja. Kazi yake kupika mikate. Asubuhi sana mikate, jioni mpira. Beki, kama wewe. Siku moja mimi taka goli, yeye iko mbele yangu. Mimi vunja yeye mguu, hapa." Alijigusa chini ya goti. "Sisi nashinda. Watu nabeba mimi juu ya mabega. Mimi iko juu, naona yeye iko chini. Naona sana."

Papa aliuliza kwa sauti ndogo, "Ulikwenda kumwona?"

"Hapana. Mimi nasema, kesho. Kesho nasema tena kesho. Kila siku njia nazidi kuwa refu. Nyumba yake iko karibu na kanisa, mimi nazunguka mji yote nisipite kanisa. Halafu napanda meli." Akainuka. "Bungoma iko karibu, Simiyu. Wewe enda. Enda sasa, njia ingali fupi."

"Nitakwenda, Bwana," Papa alisema. "Tukimaliza kupanda."

Wakamaliza kupanda. Papa akasema palizi. Baada ya palizi fahali mmoja akaugua. Baadaye mtoto akapata homa, kisha mvua ikaharibu daraja. Zote zilikuwa sababu za kweli. Huo ndio ubaya wake.

Wakati huo Kuruti alianza kuondoka kila Jumapili asubuhi kwa pikipiki yake, gunia limefungwa nyuma. Watu walipata habari kwamba anaelekea Bungoma, na maana yake ikawa wazi kwetu sote: amehamia kwa wale, anawafundisha, anawapelekea siri zetu. Niliumia. Nilisema kwa nguvu mbele ya Papa, "Kuruti ametusaliti." Pikipiki ilipopita nyuma ya nyumba yetu, alichukua shoka akaenda kupasua kuni. Jumapili iliyofuata akapasua tena. Rundo la kuni lilipita urefu wa dirisha, na mama akamuuliza tunafungua duka la makaa au vipi. Leo najua kwamba Papa hakuwa na shaka hata kidogo Kuruti alikokuwa akienda.

Kisha vita vya Wazungu vikaanza, na Mjerumani akawa adui. Askari walikuja na lori asubuhi, ofisa mmoja na wawili wenye bunduki. Walimpa Kuruti muda wa kukusanya nguo katika sanduku moja. Wafanyakazi walisimama mbali wakatazama. Kabla ya kupanda, aliomba ruhusa, akaja hadi mlangoni kwetu. Askari mmoja alimfuata nyuma.

"Simiyu iko?"

Papa alikuwa ameliona lori likija. Alikuwa ameingia kwenye ghala la mahindi, lile la fito, ambalo mtu akiwa ndani huonekana vipande vipande. Mama alitazama chini. "Simiyu hayuko," alisema.

Kuruti alilitazama ghala. Nilimwona anaona. Hakuita. Aliinama kwangu, na nywele zake zilinuka mafuta ya mashine.

"Wewe ambia Papa hivi," alisema. "Sasa hapana mutu mwingine."

Nilifikiri anamaanisha kwamba hana rafiki mwingine duniani. Nilimhurumia kwa hilo, pamoja na usaliti wake. Lori likaenda njia ya Kitale, na hatukumwona tena. Wengine walisema alifungwa kambini mbali, wengine kwamba baada ya vita alirudishwa kwao. Mara nyingi nimemfikiria akishuka kwenye gari moshi katika mji ule, akiwa mzee, akichukua ile njia ya kanisa. Lakini hayo ni mawazo yangu. Sijui.

Papa alipotoka ghalani nilimpa ujumbe, neno kwa neno. Alikaa chini palepale kwenye maganda ya mahindi.

Jumamosi iliyofuata tulipanda lori la magunia hadi Bungoma, mimi na yeye na kuku mmoja. Tulilala kwa mama mdogo. Sikuuliza kwa nini ananichukua. Sasa naelewa kwamba mtu akija mlangoni na mtoto, si rahisi kumpiga.

Nyumba ya Mwalimu haikuwa mbali. Alikuwa ameketi barazani, fimbo kando yake, mguu mmoja umenyooshwa. Ulikuwa umeunga vibaya, umepinda chini ya goti kama upinde. Mama yake alikuwa akianika wimbi. Papa alisimama mbali kidogo, akavua kofia.

"Mulembe," alisalimia. "Mimi ni Simiyu. Natoka lile shamba la Kwanza."

Nilimshika suruali kwa nguvu, nikingoja. Yule mama aliacha wimbi lake, akajipangusa mikono, akaja. Akamshika Papa mikono yote miwili.

"Simiyu! Ndiye wewe? Simiyu wa unga?"

Papa aliitazama mikono yake iliyoshikwa.

"Barasa, ni yeye! Karibu, baba, karibu. Mzungu wako alituambia. Kila Jumapili anakuja na unga, na mayai, na dawa ya kupaka. Kila Jumapili anasema, 'Simiyu nasema pole, kazi nafunga yeye. Simiyu nasema pole.' Nikwambie ukweli? Mimi nilikulaani. Siku ile uwanjani nilimlaani huyo aliyenyamaza, hata sikumjua. Lakini utamlaani vipi mtu unayekula unga wake? Nikaacha. Ile laana niliiondoa mbele ya Mungu mwenyewe."

Tukaketishwa. Mwalimu alimuuliza Papa habari za mvua, kwa adabu ya mwalimu, na akaniuliza kama nasoma. Kuku wetu hakuchinjwa. Mama yake alichinja wa kwake. Alipoleta chakula, aliitoa firigisi, ile ambayo kwetu hupewa mtu wa heshima, akaiweka juu ya ugali wa Papa.

"Kula, baba. Umetoka mbali."

Papa aliitia mdomoni. Nilimwona akitafuna, akitafuna, isishuke. Nilitaka kusema jambo, kwa maana nilijua hakuna unga uliowahi kutoka nyumbani kwetu kuja Bungoma, lakini goti lake lilinigusa, nikanyamaza. Mwishowe aliitoa ile nyama, akaishika kiganjani.

"Mama," alisema. "Sikutuma."

"Hukutuma nini, baba?"

"Unga. Mayai. Hata pole sikutuma. Yule Mzungu aliyafanya yote mwenyewe, akawadanganya kwa jina langu. Mimi alinituma nije, na sikuja."

Mama yake Mwalimu aliurudisha mkono wake mapajani. Barasa ndiye aliyeuliza. "Hata Jumapili moja?"

"Hata moja. Nilikuwa nyumbani napasua kuni. Na hapo uwanjani, mama alipouliza ni nani, nilikuwa nimesimama karibu naye kuliko huyu mtoto alivyo karibu nami sasa. Walimchukua juma lililopita, askari. Ndipo nimekuja. Kama wasingemchukua, sijui kama ningekuja."

Kuku walikuwa wakidonoa wimbi kwenye mkeka na hakuna aliyewafukuza. Mwalimu alishika mguu wake kwa mikono miwili, akausogeza, jinsi mtu anavyosogeza mzigo, akamgeukia Papa vizuri.

"Kwa hiyo," alisema, "wewe leo ndiyo umefika."

"Ndiyo leo, Mwalimu."

Barasa akasema, bila kumtazama mama yake, "Mama, tuletee maji. Tuna mgeni."

Yule mama aliinuka, akaingia ndani. Alikawia hadi nikadhani hatarudi. Alipotoka alikuwa ameshika kibuyu kimejaa. Hakumpa Papa mkononi. Alikiweka chini, mbele ya miguu yake, akarudi kwenye wimbi lake. Na Papa, aliyekuwa mtu mrefu kuliko wote shambani kwetu, alishuka kutoka kwenye kiti, akapiga magoti, akakichukua pale chini, akanywa.